Muhuri wa Tatu

Nilikuwa nimezalisha wanawake wa Kamina miaka kumi na tisa siku nilipokatazwa kuingia chumba cha kuzalishia.

Sikuwa nimeharibu kazi. Enzi zile za Zaire wakunga wa upande wetu tulikuwa na kijitabu cha kijani, tukikiita karine. Katika miaka mitatu ilibidi upate mihuri mitatu, mmoja kwa kila mafunzo ya siku tano. Tuliyaita resiklaje. Ukikosa mmoja, cheti chako kinalala, hata kama mikono yako imepokea nusu ya mji. Mimi nilikuwa na miwili. Wa tatu ulikuwa unatolewa Luena, mji wa kufikiwa kwa treni.

Mafunzo yalianza Jumatatu. Jumamosi ya kabla yake nilishakuwa kituo cha treni, na kitenge cha kujifunika na mihogo ya kuchemsha. Treni haikuja siku hiyo, wala Jumapili. Jumatatu mkuu wa kituo alitoka, akatutazama tulivyojipanga ukutani, akarudi ndani. Treni ilifika Jumatano, ikatuchukua, ikaharibika porini. Wanaume walishuka, wakaizunguka mashine, wakapanda tena. Mimi nilikuwa nikitembea toka behewa hili hadi lile kana kwamba miguu yangu ingeisukuma.

Niliingia Luena Ijumaa asubuhi, siku ya mwisho, nikaenda moja kwa moja darasani na vumbi usoni. Mwalimu, bwana mpole aliyetoka Lubumbashi, aliniacha niketi. Mchana nilikimbia kituoni, nikaandikiwa barua kwamba treni ilichelewa. Jioni, wenzangu walipokuwa wakigongewa mihuri, nikampa ile barua. Akaisoma mara mbili.

“Mama, hii karatasi inasema treni ilichelewa,” akasema. “Haisemi weye ulisoma.”

Akanirudishia karine yangu bila muhuri.

Niliporudi, daktari wetu aliniita. Alikuwa kijana kuliko mimi, na alisema akiangalia meza.

“Mama, si minyi ninakataza. Inspekta akikukuta mule ndani, banafunga materinite, bamama bakose pa kuzalia. Ungoje resiklaje ya mwaka ujao.”

Basi nikapewa kupima uzito wa watoto barazani. Chumba kikaachiwa mkunga kijana, binti niliyemfundisha mwenyewe kufunga kitovu. Mihuri yake mitatu ilikuwa imetimia. Aliona haya kunipita, akawa ananisalimu kila mara kwa kuinama, kwa salamu ya heshima ya kwetu, “Wako, mama,” hata tukionana mara kumi kwa siku.

Asubuhi moja ya mvua aliletwa mke wa askari kutoka Base, kambi ya jeshi. Kwao kulikuwa mbali, mkoa wa Ekwateri, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Watoto wake wawili wa kwanza nilikuwa nimewapokea mimi. Aliponiona alinishika mkono, akasema kwa Lingala, “Mama, kotika ngai te.” Usiniache. Nikamfikisha hadi mlangoni. Pale nikautoa mkono wake kwenye wangu, kidole kimoja kimoja.

Daktari alikuwa safarini Malemba-Nkulu. Na inspekta, kwa bahati yetu mbaya, alikuwa amefika siku hiyohiyo. Alikuwa ofisini akisoma daftari.

Hazikupita saa mbili, binti akatoka mbio.

“Mama, mutoto iko anakuja na matako! Sijafanyaka hii. Ingia!”

Nilikwenda kwa inspekta. Nilimweleza nimesimama, nimekunja mikono mbele kama mwanafunzi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Weye njo ule wa mihuri mbili?”

“Ndiyo, sitwayeni,” nikasema, kama tulivyotakiwa kumwita kila bwana enzi zile.

“Nikisema ingia, nitaandika nini hapa?”

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kweli, na kalamu ilikuwa mkononi. Nikamwacha na swali lake, nikarudi kusimama mlangoni, nikapaza sauti nishinde mvua ya kwenye mabati.

“Usimuvute! Acha ashuke yeye mwenyewe! Mikono yako mbali!”

“Ndiyo, mama!”

“Unaona mabega?”

Nikasikia mwanamke akilia, na binti akilia pia, nikajua ameogopa na anavuta. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti. Mwingine haukufuata. Miaka yote hii ninajiuliza ni nini kiliushika, na sina la kumlaumu inspekta, maana hakuinuka kwenye kiti chake.

Mtoto alichelewa kulia, lakini alilia. Alikuwa msichana. Mkono wake wa kulia ulining'inia kama si wake.

Niliruhusiwa kuingia kumwosha mama. Akaniuliza kwa Kiswahili chake kidogo, “Mama, ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa mlangoni,” nikamwambia.

Akageuza uso ukutani.

Mwaka uliofuata mafunzo yalifanyika hapahapa Kamina, nikakaa siku zote tano. Siwezi kusema yalikuwa bure. Nilijifunza namna ya kumwamsha mtoto aliyechelewa kupumua, jambo nililokuwa nikilifanya vibaya tangu mwanzo. Nikagongewa muhuri, nikarudi kazini, na yule binti akaja kuniomba nimwonyeshe, kwa mwanasesere wa matambara, jinsi ya kumpokea anayetanguliza matako. Tulirudia mpaka akaweza kungoja bila kuvuta.

Yule askari alikuwa ameshahamishwa na jamaa yake yote. Niliuliza Base, kwa wanawake waliokuwa jirani zake. Wengine walisema Kitona, wengine Kisangani. Hakuna aliyejua kama mtoto ameanza kushika kitu kwa mkono ule.