Harufu Iliyopanda Mlima

Mwezi wa saba, kahawa ilipoiva kwenye milima ya Mbinga, maji ya kijito anakochota Mama Kalista yalianza kunuka kama togwa iliyolala. Mjukuu wake, Oliva, akiyanywa, tumbo linamsokota.

"Ni makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka hayo," alisema Rogasian, jirani yake. Wote wakaafiki. Ni rahisi kumchukia mwenye lori la makaa; hana shamba hapa, wala hatukutani naye kanisani.

"Malori yamepita huku kwetu lini?" Kalista aliuliza. Alichukua kikombe, akapanda kufuata maji, akiyanusa kila penye mashine ya kumenyea kahawa.

Alimkuta kwanza Mzee Tadei kwenye mashine yake. "Shikamoo, baba. Uchachu huu ni wako?"

"Marahaba. Wangu? Nimehamishia mashine hapa kwa sababu kule chini kulishanuka! Kahawa inataka maji safi, mama. Nenda juu."

Juu zaidi, mkulima mwenzake Ephrasia alimjibu vilevile, akicheka: "Dada, siku hizi umekuwa bibi afya?"

Kila mmoja alikuwa ameyakimbia maji ya mwenzake kwa kupanda, ili buni zake zing'ae.

Mashine ya mwisho, juu ya zote, ilikuwa ya Kalista mwenyewe; naye alikuwa amepanda. Juu yake, kwenye chemchemi, kikombe hakikunuka. Chini kidogo ya birika lake la kuoshea kahawa, kilinuka togwa.

Alisimama akiyatazama maji yanavyoondoka na ute wake. Uchafu, tumezoea kuambiwa, hutoka kiwandani. Ute wa kahawa alikuwa akiuona ni tunda tu, si uchafu.

Kesho yake, yeye na mumewe Tobias waliishusha mashine hadi uani, mbali na kijito. Akachimba ngolo, shimo lile lile linalozuia mvua isikimbie na udongo wa shamba, limeze maji machafu.

"Wenzako wanapanda, wewe unashuka!" Rogasian alimtania. "Na maji ya kuoshea?"

"Nitabeba kichwani, shemeji. Kama ya kupikia."

"Kahawa yote ile?"

"Au Oliva alale kwako leo, umbembeleze wewe?"



Lakini kijito bado kilinuka. Jioni Kalista alichota maji ya Oliva kwenye chemchemi, akarudi kwa kupitia kwa Ephrasia makusudi.

"Nusa."

Ephrasia akanusa. "Mazuri."

Kalista akainama, akachota chini ya mashine ya mwenyeji wake. "Na haya?"

Ephrasia aliacha kuzungusha mpini. Akanusa, akakirudisha kikombe.

"Hilo shimo lako, dada," aliuliza, "linakwenda chini kiasi gani?"