Pahali Miti Inakataa Kuota

Mama Jeanne, jirani yangu, iko mutu wa usingizi kidogo. Mi nilifikiri ni uzee. Kumbe ni shamba.

Ile shamba iko ku kilima, njia ya Mutshatsha. Mama yake alimuachia na sheria moja: unakata matawi, shina unaiacha. Matawi unachoma, majivu inalisha maharagi na mihogo chini. Juu, mu mayani ya miti ya mitondo, finkubala binanona, ile minyoo yetu ya kula, mpaka bishuke byenyewe. Batu ba kuchoma makala balishamaliza bilima byote bya pembeni. Ni yake tu njo ilibakia na kivuli.

Lakini katikati ya miti kuko upara. Pale hakuna muti inakubali kuota, paka tu maua kidogo ya bluu, mvua ikiisha. Na kila creuseur, muchimbaji wa Kolwezi, anajua: penye ile maua, chini kuko mukuba, ile shaba. Bakiiona, batafika na mapiki, na miti yote itakuwa mbao ya kushikilia mashimo.

Basi kila mwaka Jeanne anang'oa ile maua na mizizi yake, anamwanga majivu, anapanda mihogo yenye inakauka tu. Akisikia pikipiki inapunguza mwendo barabarani, anaamuka kuchungulia, hata usiku. Mi njo aliniambia. Bwana yake hakumuambia. Ule bwana, Tata Ntambwe, mutoto wa Kasai aliyezaliwa mu kambi ya mine, alifanya kazi ya gari moshi. Mukuba anaijua paka tu ndani ya vagon. Roho yake safi, lakini mulomo yake haina mulango.

Mwaka huu malaria ikamulalisha Jeanne mbele ya Pasaka.

"Yaya Annie," akaniambia, "maua inafunguka sasa." Alitaka mi nipande kuing'oa. Mi na hii goti yangu, kilima siwezi. Ntambwe akamuonea bibi yake huruma, akapanda ku shamba kumufanyia kazi, bila kuuliza mutu.

Siku ya Pasaka Jeanne akapata nguvu, tukaingia kanisani pamoja, ye, Ntambwe na mi. Mbele ya altari, ndani ya ndoo iliyofungwa kitambaa cheupe: maua ya bluu. Akanishika mukono mpaka kucha zikaingia. Ku banc ya nyuma, kwenye ba creuseur banakaaka, macho yote ilikuwa ku ile ndoo.

Kisha misa, kijana moja wa ile banc, Papy, akakuya kwa Ntambwe na heshima yote.

"Tata, maua ni muzuri. Mulitoa wapi?"

"Tulinunua," Jeanne akasema haraka.

"Wapi kununua? Bibi, usininyime sifa yangu." Ntambwe alikuwa anacheka. Ningekuwa mi, ningemuziba ile mulomo na tonge ya bukari. "Ni ku shamba yetu. Kule." Akanyoosha mukono ku kilima.

Jeanne hakumugombeza. Alivua viatu ya kanisa, akachukua kikapo kwangu, akapanda. Finkubala bilikuwa bado bidogo, bya kungojewa, lakini batu ba mapiki habatangojea. Alibivuna vile vile, muti kwa muti, akilia.