Maneno Aliyoyaongeza Faruku

Kukaa kimya Faruku wa mtaa wa Bilele hawezi. Filamu ya kigeni ikimwangukia mkononi huitafsiri kwa Kiswahili peke yake, sauti zote zake: jambazi, polisi, bibi harusi, hata mbwa. Mhusika asiposema kitu, Faruku humsemea! Watu wakija dukani kwake kujaza filamu kwenye flashi huzitaka hizo hizo alizotafsiri, maana anachekesha kuliko filamu yenyewe.

Sasa ile ya msituni ndiyo iliyomponza. Nyoka anamgonga mtu mguuni, shujaa anachana jeraha na kunyonya damu. Shujaa mwenyewe hakutamka neno, angetamka vipi na mdomo umejaa? Faruku akapaza sauti: "Chana! Nyonya! Sumu yote inatoka, hospitali ya nini?"

Jumatatu moja akapigiwa simu na Joanitha, nesi wa Muleba, mteja wake wa siku nyingi. Salamu hakuna.

"Faruku, kuna mzee kaletwa hapa kutoka Izigo, kagongwa na nyoka akipalilia migomba kwenye kibanja chake. Mkewe kamchana kwa wembe, kamnyonya, kakaa naye nyumbani masaa matano akisubiri apone. Namuuliza nani kakufundisha, ananiambia Faruku!"

"Kwani sumu hainyonyeki?"

"Hainyonyeki! Ikishaingia inasambaa mwilini. Wembe unaongeza kidonda tu. Mtu asitembee, mguu utulizwe, awahishwe hospitali kwenye dawa. Basi!"

Jamani, tangu hapo Faruku hakutulia. Anafungua duka, anafunga, anafungua tena. Akiwaza zile flashi zilizokwisha kusambaa, Bakoba, Muleba, hadi visiwani, na sauti yake humo ndani inawaambia watu wachane, anabaki kujiuliza: Atazirudishaje? Akaitafsiri filamu upya, akaigawa bure kwa kila aliyepita. Wengine wakanuna kwamba kaharibu utamu.

Wiki ya tatu akaenda Izigo. Yule mzee, Rutaihwa, alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani, yu hai, mguu umefungwa bendeji hadi gotini, vidole viwili vimekatwa. Mkewe, Kokugonza, akamkaribisha mgeni kiti. Faruku akashindwa kukaa.

"Waitu mama, tafadhali, nisamehe. Maneno yale hayakuwemo kwenye filamu. Niliyaongeza mimi. Sasa nimeitafsiri upya, iko humu kwenye simu."

Kokugonza akaiomba simu ya Faruku, akasikiliza tafsiri mpya: "Ndugu mtazamaji, tafadhali, usinyonye sumu ya nyoka..." Akaizima.

"Ndiyo hii unayowagawia watu?"

"Ndiyo, mama."

"Siku ile ulipiga kelele, mwanangu, nikakuamini mpaka nikamchana mume wangu. Leo unanong'ona. Nani atakusikia?" Akamrudishia simu. "Rudia. Hapa hapa, kwa sauti ile ile."

Faruku akabonyeza kurekodi. Akautazama ule mguu, akafungua mdomo, sauti haikutoka. Kokugonza akavuta kigoda, akakaa kumsubiri.