Dishi Dogo la Las Crucitas

Mimi napanda minara. Mwaka wa kumi na tatu huu namfanyia kazi Don Tulio, anayewauzia watu intaneti katika milima hii ya mkoa wetu wa Lempira. Kuchagua redio si kazi yangu. Nikiambiwa funga hapa, nafunga. Aliyekuwa akichagua ni Nolvia Mejía, na leo namsema mimi, kwa sababu naona wanaomsema wote wanamsema ovyo.

Nolvia ni mzaliwa wa Las Crucitas, kijiji kilichojibana kwenye mkunjo wa mlima hata simu hazishiki. Alisomea ufundi mjini huku akiuza baleada, zile chapati za maharage, kwenye kituo cha mabasi. Alipoajiriwa tulimcheka, na mimi nilikuwa mbele. Nilimwambia, "Dada, mnara si ngazi ya kuchumia maembe." Akapanda mpaka kileleni, akashuka, akajifuta mikono. "Kaka Rigo, kule juu kuna boliti mbili hukuzikaza. Ulikuwa unawaza chakula?" Kuanzia siku hiyo nikafunga domo langu.

Zamani tulirusha intaneti kilima kwa kilima kwa masafa ya redio ya bure, yasiyo na leseni, na cha bure kila mtu anakigombania. Kila aliyenunua redio ya bei poa alikuwa akipiga kelele hewani palepale, na wateja wakitutukana mpaka mama zetu. Mwishowe Don Tulio akakubali kulipia leseni, tuwe na masafa yetu wenyewe ambayo hakuna mwingine anaruhusiwa kuyagusa. Kijiji cha kwanza kuunganishwa hivyo kingekuwa Las Crucitas, kilomita kumi na nne kutoka mnara wetu wa Cerro Pelón. Kilichobaki ni kuchagua redio.

Mezani zilikuwa mbili. Moja ya masafa ya chini, inayopenya mvua, lakini dishi lake ni kubwa kama meza ya watu sita na linataka mlingoti wa nguvu. Nyingine ya masafa ya juu, inabeba mzigo mkubwa zaidi, dishi lake dogo unalibeba kwapani. Ila hiyo, mvua kubwa inaimeza. Muuzaji alikuja na karatasi yake ya mahesabu na viatu vyeupe, akatuhakikishia kwamba hiyo ndogo itakuwa hewani asilimia tisini na tisa nukta tisa tisa.

"Yaani itakatika dakika hamsini na tatu tu kwa mwaka mzima," alisema. "Hata mke hawezi kukuahidi hivyo."

Nolvia aliisoma karatasi mpaka chini. "Humu umeweka mvua ya wapi?"

"Mvua ni mvua, binti."

"Labda kwenu."

Kumbe yule bwana alikuwa ameweka mvua ya mji mmoja wa kaskazini ambako wakipata manyunyu wanatoka nje kupiga picha. Nolvia akarudia hesabu kwa mvua yetu. Zikatoka saa, si dakika, na karibu zote zinaangukia Septemba na Oktoba, alasiri. Akampelekea Don Tulio. Mzee akaiangalia karatasi, hata kuishika hakuishika.

"Dishi kubwa linataka mlingoti mpya na zege jipya," alisema. "Hiyo ni Februari ya mwakani. Lile dogo, ukitia sahihi leo, Siku ya Mama mwezi wa Mei watu wanaongea. Wewe ndiye fundi, Nolvia. Chagua."

Mjanja yule mzee. Alijua vizuri kwamba mama yake Nolvia, Mama Chencha, ana miaka kumi na moja hajamwona mwanawe Osmín. Osmín yuko Marekani, anachuna kuku kiwandani, hana karatasi za kuishi kule. Akitoka hawezi kurudi. Na Mama Chencha moyo ulikuwa umeanza kumsumbua. Kila Nolvia akienda nyumbani swali ni lilelile: lini nitamwona mtoto wangu? Februari ni mbali kwa mtu anayepumzika mara tatu kutoka kitandani hadi jikoni.

Nolvia akatia sahihi. Mimi nilikuwepo, nikaona kalamu inasimama kidogo kisha inakwenda.

Tulifunga Aprili, kiangazi kikali, vumbi tupu. Tukapima, redio ikakimbia kama karatasi ilivyosema, Don Tulio akatununulia bia. Jumapili ya Siku ya Mama, Mama Chencha akakalishwa mbele ya simu amevaa gauni la kanisani. Osmín akatokea. Bibi akamtazama, akamtazama tena.

"Mbona umenenepa hivyo? Au ni hiyo simu?"

"Ni kuku, mama. Ninaowachuna na ninaowala."

Nyumba nzima ilicheka, naye Nolvia akaenda nyuma ya nyumba kulia. Siku chache baadaye kijiji kikamtoa San Isidro, sanamu ya mtakatifu wa wakulima, kumzungusha mashambani kuomba mvua ya mahindi, kama kila Mei. Mama Chencha ndiye aliyeongoza sala, kwenye kiti kilichobebwa na watu wawili. Nikamwona Nolvia anaitikia kwa mdomo huku macho yakiwa kwenye dishi. Hebu fikiria, unaomba mvua na mvua hiyohiyo unaiogopa. Mahindi ni chakula, angefanyaje?

Mvua ikaja, tena ya kushiba. Alasiri redio ikaanza kukatika, mara dakika tano, mara ishirini. Mama Chencha akazoea, akawa anaongea na Osmín asubuhi. "Mvua haijui leseni zenu," alimtania binti yake. Lakini kifo hakina saa.

Oktoba hali ya Mama Chencha ikawa mbaya. Nolvia akaomba ruhusa akae naye, akanisihi mimi nikae Cerro Pelón. Tulikuwa na redio za mkononi, zile za kuongea tu. Hizo, mvua haizizuii. Jumatano, saa kumi kasorobo, akaniambia mama anapumua vibaya, Osmín yuko kwenye simu, amejificha chooni kiwandani. Nikatazama ng'ambo. Bonde lote lilikuwa limeshafungwa na ukuta mweusi wa mvua, unakuja.

Ilipofika, namba za nguvu ya redio zilishuka kama ndoo kisimani. Redio ikapunguza mwendo, ikapunguza tena, ikazimika.

"Rigo, ameganda. Osmín ameganda."

"Ni mvua, dada."

"Ongeza nguvu."

"Iko mwisho."

"Dakika mbili tu. Mama anamwita, anauliza mbona hajibu. Nirudishie dakika mbili, kaka."

Sikuwa nazo. Mwanaume mzima nilisimama pale na bisibisi mkononi, sina pa kuigusia. Nilimsikia Mama Chencha kwa nyuma akiita, Osmín, Osmín, kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto aingie ndani kunanyesha. Kisha Nolvia akaachia kitufe, nikabaki na mlio mtupu.

Mvua ilikatika baada ya dakika arobaini na moja. Redio ikarudi yenyewe, mwendo kamili, kama mpya. Nolvia aliniambia baadaye kwamba walikuwa wanamfunga mama yake kidevu kwa kitambaa simu ilipoanza kuita. Osmín alikuwa bado chooni. Ilimbidi Nolvia apokee.

Baada ya siku tisa za sala za marehemu, Nolvia alirudi kazini. Kila redio ikikatika tunajaza fomu: saa ngapi, muda gani, sababu. Ile ya Jumatano ilikuwa inamngoja yeye, fundi. Akaijaza kwa mwandiko wake mzuri, akaiweka mezani, akachukua mkoba, akaondoka. Hajarudi mpaka leo.

Don Tulio akaniita. Kwenye nafasi ya sababu, Nolvia alikuwa ameandika jina lake lote, Nolvia Suyapa Mejía.

"Huyu msichana amechanganyikiwa," alisema. "Fomu hizi wakaguzi wa leseni wanazisoma. Irekebishe."

Nilitaka kumwambia aandike jina lake yeye mwenyewe. Lakini nina watoto watatu, na kazi nyingine ya kupanda minara hapa Lempira haipo. Nikakata jina la Nolvia kwa mstari mmoja, na juu yake nikaandika mvua.