Gauni la Kathambi na Ukuta wa Baa

Kiende alikuwa fundi wa nguo hapa mjini Maua, na msinibishie: marinda yake yalikuwa makali hivi kwamba nzi akitua, anakatika mguu. Miguu hiyo niliifagia mwenyewe, maana niliuza ndizi mlangoni pake.

Kilichomponza ni ukuta. Chumba chake kiliegemea baa ya Kinoti. Kwingine kote, nani angempangisha mwanamke asiye na mume? Wasichana wa baa wakawa wa kwanza kununua magauni yake, wakayachezea muziki mpaka mlangoni. Basi, ikawa imekwisha. Gauni likitoka kwa Kiende, hata liwe refu la kufagia barabara, akina mama wa kanisa walilinusa.

"Lina pombe hili."

Pombe wapi! Lilinuka pasi ya makaa.

Kisha binti yake wa pekee, Kathambi, akachumbiwa na Murithi, mtoto wa mzee wa kanisa. Kiende akanunua satini nyeupe, akashona msimu mzima wa mvua. Mama Murithi akaja na wenzake, wakasimama nje, kuingia hawakutaka.

"Mama Kathambi, tunakuheshimu. Lakini bibi arusi wetu hataingia kanisani na nguo ya baa."

"Hata hujaiona, mama."

"Nimeona inakotoka."

Kiende hakulia. Alilikunja gauni, akampelekea Lydiah, mwenye duka la nguo mkabala na kanisa, duka lenye vioo, pazia na sanamu ya plastiki isiyo na kichwa. Lydiah akakata lebo ya Kiende, akashona yake. Jumapili iliyofuata Mama Murithi akabandika pua kwenye kioo.

"Hili limetoka Nairobi?"

"Nairobi si mbali, mama," Lydiah akajibu.

Akalinunua. Kiende aliposikia alicheka mpaka akakalia ndizi zangu. "Mama Mukiri, mwanangu ataolewa na kazi ya mkono wangu!"

Siku ya arusi, watu wakila, Mama Murithi akamgeuza Kathambi huku na huku. "Tazameni! Mnaona tofauti ya nguo ya duka na zile za kwa walevi?"

Akina mama wakacheka, wakapiga vigelegele. Mimi nikainuka, ulimi unaniwasha. Kathambi alikuwa akiijua mishono ya mama yake tangu akiwa mgongoni. Akatuinamia mimi na mama yake, akanong'ona:

"Mama, tafadhali, usiseme. Na Mama Mukiri asiseme."

Kiende akanivuta nikaketi. Kisha akapiga makofi pamoja na wengine.

Tangu hapo alimshonea Lydiah, lebo za Lydiah zikijaa mapajani mwake. Mjukuu alipokaribia kubatizwa, Kathambi alikuja mjini kununua kanzu ya mtoto, ile mama yake aliyoipiga pasi asubuhi na kuituma dukani. Nilimwita. Alinipungia mkono akiwa ng'ambo ya barabara, akapita na upande ule ule, kwa sababu huku kwetu kulikuwa na baa.