Mara Mbili ya Ngapi?

Juzi, kwenye zahanati moja ya Butimba, daktari kijana alimwambia mama muuza dagaa kwamba dawa yake mpya ya presha inaongeza hatari ya kuumwa ini mara mbili. Mama akairudisha mezani. "Basi acha nife na presha yangu."

Daktari mzee anayemfundisha kijana akamuuliza, "Mara mbili ya ngapi?" Kijana akaanza kupekua karatasi ya dawa. Mzee akamgeukia mama. "Ni kama gunia la dagaa lililokuwa na kokoto moja, sasa lina mbili."

"Mbili tu? Langu limejaa kokoto, na wateja wanarudi!" Mama akacheka, akatia dawa kwenye mkoba.

Mimi, niliyekuwa kwenye foleni nyuma ya mama, nilielewa kabla yao wote. Jana mhariri kaniambia wasomaji wa safu hii wameongezeka mara mbili. Nimeshangilia sana. Kutoka wangapi, sijauliza.