Misumari ya Bondeni

Ukumbi wetu wa jamii, hapa Kariakoo, ulikuwa unavuja kuliko kapu. Masika yaliyopita msimamizi wake alinishika sikio mbele ya wazee wa mtaa, akasema paa nimelitoboa mimi kwa mawe. Kwa nini mimi? Kwa sababu nilikuwa namwiga anavyotembea, tumbo mbele, funguo zikilia kiunoni kama kengele ya shule. Nikacharazwa sita. Nikafukuzwa kwenye mazoezi ya ndondi. Tena kila mvua ikinyesha, kazi yangu kutega madebe chini ya matundu na kuyamwaga, wenzangu wakirushiana ngumi pembeni.

Hayo ningemsamehe, labda baada ya kumzika. Lakini bombani wanawake wakaanza kumwita mama yangu Mama Mtoboa Paa, na aliyeanza ni mke wa msimamizi. Mama akawa anakwenda kuchota alfajiri, peke yake, asikutane na mtu. Hapo nikaapa.

Madebe ndiyo yaliyonifumbua macho. Yalikuwa yanajipanga yenyewe, mstari kwa mstari, kama sisi asubuhi tukikaguliwa kucha. Nikajiuliza, mawe gani haya yanayorushwa kwa rula?

Mvua zilipokatika yakaletwa mabati mapya na fundi, Mnyamwezi mwembamba anayeongea na misumari mdomoni. Msimamizi ni Mzaramo. Watani hao! Mnyamwezi akimwaibisha Mzaramo hadharani, Mzaramo akanuna, aibu inakuwa mara mbili. Mimi, mtoto, siwezi kumwambia mtu mzima kwamba ni mwongo. Basi nikaazima mdomo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nikubebee mabati. Bure."

"Mtoto wa Kariakoo, bure? Sema shida yako."

Nikamwambia yote. Akatema msumari mmoja kiganjani, akacheka.

Siku ya kuezua watu walijaa, wazee wakaja, msimamizi akaja na kanzu yake nyeupe. Fundi akainua bati kuukuu, jua likapenya kila tundu.

"Mtani! Paa hili alipigilia nani?"

"Mimi mwenyewe," msimamizi akatoa kifua. "Wala fundi sikumhitaji."

"Ndiyo maana! Jamani, bati lina mgongo na bonde. Msumari unapigwa mgongoni, kwa sababu maji yanapita bondeni. Mzaramo huyu kapiga yote bondeni! Mtani, uliogopa kupanda mlima?"

Watu wakaangua kicheko. Msimamizi akanyoosha kidole kwangu. "Matundu hayo ya mawe ya huyu hapa!"

"Mawe yaliyopanga foleni? Kaa chini, ulipe faini ya utani."

Akawatazama wazee. Wazee wenyewe wanajifuta machozi kwa kucheka. Akakaa. Wanaume wawili wakamshikia bati kichwani, fundi akaniita: "Kijana, lete debe la maji."

Nilimwaga polepole. Sikuwa na haraka, nilikuwa nimengoja masika mazima. Maji yakashuka kwenye kofia, kwenye masharubu, mpaka kwenye tumbo lile. Aliponitazama nikamuuliza, kwa adabu zote, "Niongeze, mzee?"

Sasa niseme kweli, maana yeye hatasoma haya. Tundu moja lilikuwa mgongoni. Hilo ni langu, nilimlenga kunguru. Fundi alipokuwa anawaonyesha watu bati, kidole chake kililifikia, akanitupia jicho, akalifunika kwa dole gumba, akaendelea kumsema mtani wake.

Kesho yake Mama alikwenda bombani jua limeshatoka, wanawake wote wapo. Nami, ambaye sijawahi kuteka maji bila kusukumwa, nilimbebea debe la pili, nisije nikakosa kusikia.

Mke wa msimamizi alikuwa mbele kwenye foleni. Mama akamsalimia vizuri, akamuuliza habari za watoto. Kisha akasema kwa upole kabisa:

"Mke wa Bondeni, hebu sogeza debe lako nipite."

Akalisogeza.